Mwili Uliopunguzwa kwa Pupa: Jinsi ya Kuurekebisha Kilo Zikishaondoka

Kilichonipeleka hospitali ni ndala. Ilikuwa Januari, nimeinuka kwenye cherehani kwenda kumpokea mteja mlangoni, ndala ya kushoto ikabaki nyuma. Nikairudia, nikaivaa, nikapiga hatua tatu, ikabaki tena. Kuutazama mguu, vidole havinyanyuki. Naviamuru, havitii. Kisigino kinatangulia chini, kisha unyayo mzima unajibwaga pwaa, kama samaki anavyotupwa mezani pale soko la Feri.

Mama mkubwa aliyekuwa dukani akasema nimetupiwa kitu. Mteja akasema hiki ni kiharusi, niwahishwe. Mimi nikawa naitazama cherehani yangu ya kukanyaga, maana mguu ule ndio unaoniletea unga nyumbani.

Ni fundi cherehani wa Mbagala, Dar es Salaam, nina miaka 43. Miezi minne kabla ya siku hiyo nilikuwa na kilo 94. Mdogo wangu alikuwa na sendofu mwanzoni mwa Desemba, nami dada mkubwa nikataka nisimame mbele ya ukumbi na gauni la satini la kubana. Kwa wiki 13 niliishi kwa mayai mawili kwa siku, kabichi ya kuchemsha, maji ya limau na tangawizi, na chai fulani ya pakiti inayouzwa kwa sifa ya kusafisha tumbo. Siku ya sendofu mizani ilisoma 71. Kilo 23 zimeondoka, na picha zilitoka nzuri kweli.

Sisi mafundi tunalo neno kupunguza. Mteja analeta gauni, anasema nipunguzie. Ukilipunguza kwa pupa, ukakata kitambaa bila kuacha akiba pembeni ya mshono, siku mwenyewe akinenepa kidogo huna cha kufumua. Mimi mwili wangu niliukata hivyo. Haya ninayoandika ni namna nilivyourekebisha, kwa muda wa zaidi ya mwaka, nikisaidiwa na daktari na afisa lishe. Mimi si daktari, kwa hiyo penye dawa na vipimo nakupeleka kwa wenyewe.

Yasiyosubiri kesho

Kuna dalili ambazo ukiziona unaweka simu chini na kwenda hospitali saa ile ile. Macho kugeuka manjano, hasa yakija na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi na choo kilichopauka kama udongo. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia pamoja na homa. Kuzimia. Moyo kwenda mbio au kurukaruka ilhali umekaa tu. Upande mmoja wa uso, mkono au mguu kulegea ghafla, au ulimi kuwa mzito.

Nyingine ni kuchanganyikiwa, kuona kitu kimoja kuwa viwili, au kuyumba kama mlevi, kwa mtu aliyekuwa akitapika sana au akila kidogo mno kwa wiki kadhaa. Hiyo yaweza kuwa upungufu wa vitamini B1, na ubongo hauna subira na upungufu huo. Ukifika mapokezini sema kwa sauti: "Sijala vizuri kwa wiki kadhaa." Nasisitiza hili kwa sababu kwetu mtu akiishiwa nguvu, mkono wa kwanza unakimbilia dripu ya glukosi, wakati mwingine hata dukani kwa muuza dawa. Mwili uliokaukiwa B1 ukimiminiwa sukari peke yake unaweza kuharibikiwa zaidi. Anayekuhudumia akijua, atakupa hiyo vitamini kwanza.

Wenye dawa za presha na kisukari nao wasisubiri. Mjomba wangu alipungua kilo 15 huku akimeza dozi ile ile ya presha aliyoandikiwa akiwa mnene. Asubuhi moja akaanguka akitoka bafuni. Dawa ilikuwa sahihi, ila ilikatwa kwa vipimo vya zamani. Kwa anayetumia insulini au glibenclamide hatari ni sukari kushuka: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuvurugika. Usiache dawa kwa uamuzi wako, wala usiendelee kimya kimya. Nenda dozi ipimwe upya.

Na kama ulipungua bila kukusudia, makala hii weka pembeni kwanza. Kapime kifua kikuu, VVU, sukari na tezi ya thairoidi. Mtaani kwetu ukikonda watu hawakuulizi umekula nini, wanaulizana wenyewe pembeni. Mimi nilikuwa najua nilichofanya, lakini nilipima vyote, nikapata majibu yangu mkononi, na minong'ono nikaiacha iendelee na wenyewe.

Daftari kabla ya dawa

Safari yangu ya kwanza hospitali ilikuwa bure kabisa, na kosa lilikuwa langu. Nilimwambia daktari, "Sijisikii vizuri, nachoka." Habari ya mguu sikuitaja. Foleni ilikuwa ndefu, akaniandikia kipimo cha malaria, nikatoka na panadoli.

Safari ya pili nilikwenda na daftari langu la vipimo vya wateja. Nyuma ya kurasa za bega, kiuno na nyonga za watu nilikuwa nimechora mistari yangu: tarehe, nilichokula, kilichonisumbua, saa ngapi, choo kimepatikana au la, siku za hedhi, uzito mara moja kwa wiki. Juu kabisa niliandika kilo za kuanzia, kilo za mwisho na idadi ya wiki. Daktari alisoma mstari ule wa juu, akavua miwani, akaanza kuniuliza maswali ya maana.

Na wewe fanya hivyo. Siku 14 zinatosha. Andika pia kila ulichokuwa unakunywa au kumeza ili upungue: chai, vidonge, matone, sindano. Sindano za kupunguza uzito zinazotumika siku hizi nazo ziandike, maana kilo zikienda haraka mwili unadai yale yale, zimekwenda kwa njaa au kwa sindano. Kama ni chai ya pakiti, beba pakiti yenyewe.

Hivi ndivyo vipimo nilivyofanyiwa, uulizie na vyako: wingi wa damu, sukari, figo na chumvichumvi za mwili kama potasiamu, ini, thairoidi, na altrasaundi ya tumbo. Presha nilipimwa kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Nilalishwe dakika tano, ipimwe, nisimame, ipimwe tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi ukisimama, kizunguzungu chako kina maelezo. Yangu ilitoka 112 ikaenda 88. Nikaelewa kwa nini kila nikiinuka kuchukua pasi dunia inazunguka.

Dawa ya hapo kwangu ilikuwa maji ya kutosha, chumvi ya kawaida kwenye chakula (nilikuwa nimeifuta kabisa kwenye ile diet), na kuinuka kwa vituo: kaa kitandani, chezesha miguu, hesabu hadi 30, ndipo usimame. Mwenye presha ya kupanda asijiongezee chumvi bila kuuliza.

Mguu, na habari ya kukunja nne

Sasa ile ndala. Daktari alipoupima mguu hakuniuliza habari za maadui. Aliuliza, "Dada, ukishona kwa mkono unakaaje?"

Nikamwonyesha. Nakaa kwenye stuli, nakunja nne, mguu wa kushoto juu ya wa kulia, kitambaa nakilaza pajani. Msimu ule wa Desemba nilikuwa napachika shanga na kupindia magauni saa nne, saa tano mfululizo, mkao ule ule.

Akanishika kidole akakipeleka upande wa nje wa goti langu, chini kidogo. Kuna kifundo cha mfupa pale. Jipapase na wewe, utakipata. Neva inayonyanyua unyayo inapita hapo hapo ikizunguka mfupa, karibu kabisa na ngozi. Mtu akiwa na nyama, mafuta ndiyo godoro la neva hiyo. Godoro likiondoka ndani ya wiki chache, halafu ukaendelea kukunja nne kama zamani, neva inabanwa kati ya mfupa wako na goti la pili mpaka inakufa ganzi. Madaktari wanalijua tatizo hili kwa watu waliokonda haraka. Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia, na nimeshonea watu miaka 20.

Tiba yake haikuwa na sindano hata moja. Nilipigwa marufuku kukunja nne. Nilipigwa marufuku pia kuchuchumaa muda mrefu, kwa hiyo nguo nikawa nafulia beseni juu ya benchi. Usiku niliweka mto ili goti lisilalie ukingo wa kitanda. Ndala nikazifungia kabatini, nikavaa viatu vya kufunga visigino, kwa sababu mguu unaoburuta vidole unakuangusha kirahisi. Kwa mazoezi, mtaalamu alinifundisha kukaa sakafuni miguu imenyooka, kupitisha khanga chini ya unyayo, kuivuta kwa mikono miwili kuelekea kwangu na kushikilia kwa sekunde 30, mara tano asubuhi na mara tano jioni. Kisha nakaa kitini na kujaribu kunyanyua vidole huku kisigino kikiwa chini.

Wiki tatu za mwanzo havikunyanyuka hata kidogo. Wiki ya nne nikaona kidole gumba kinacheza, nikawaita wanagenzi wangu wote wawili waje kukiona. Wiki ya tisa nilirudi kwenye kukanyaga cherehani kwa saa mbili mbili. Mguu ulikaa sawa kabisa mwezi wa tano. Wako usiuache ujiponee bila kuonwa, maana mguu kulegea kuna sababu nyingine pia, mgongo ukiwemo.

Maumivu ya usiku ambayo kila mtu anayaita vidonda vya tumbo

Haya hayakunipata mimi, yalimpata wifi yangu, tuliyefanya naye diet pamoja tukishindana kwa picha za mizani. Yeye alipungua kilo 19. Wiki mbili baada ya sendofu alikula biriani kwenye shughuli, usiku saa saba akaamka amejikunja. Maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka bega la kulia na mgongoni, hayapungui ukijigeuza, yanakaa saa moja mpaka tatu kisha yanaisha kama hayakuwepo.

Kila mtu alimwambia ni vidonda. Akatafuna vidonge vya magnesiamu, akanywa omeprazole, akanywa maji ya kabichi, miezi miwili. Altrasaundi ndiyo iliyosema: mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Afisa lishe alitueleza hivi. Mafuta ya mwili yanapoyeyuka kwa kasi, ini linamwaga kolesteroli nyingi ndani ya nyongo. Kazi ya kifuko cha nyongo ni kujikamua kila unapokula chakula chenye mafuta. Sasa wewe umekata mafuta yote, kifuko hakikamuliwi, nyongo imetulia humo inazidi kuwa nzito, mwisho inaganda vijiwe. Hatari hupanda zaidi kwa anayepoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Sisi tulikuwa kwenye karibu kilo moja na robo tatu na moja na nusu, na tukijipongeza.

Kwa hiyo ukipata maumivu ya namna hiyo, omba altrasaundi, uende bila kula kwa saa kama nane ili kifuko kionekane kikiwa kimejaa. Kama bado uko kwenye kupungua na huna maumivu, usikate mafuta yote. Kijiko kimoja cha mafuta ya kula kwenye mboga, kipande cha parachichi, karanga kiganja kimoja, vinatosha kukifanya kifuko kijikamue. Ukishagunduliwa kuwa na mawe yanayouma, vyakula vya kukaangwa vinakuchokoza, na mara nyingi ushauri ni upasuaji wa kuondoa kifuko chenyewe. Wifi alifanyiwa ule wa matundu madogo, siku ya tatu alikuwa jikoni anagombana na watu.

Kuna watu watakuletea dawa ya kunywa mafuta ya zeituni na limau usiku, asubuhi utoe "mawe" ya kijani chooni. Wifi aliyatoa, akayapiga na picha. Yale ni madonge ya sabuni yanayotengenezwa tumboni na hayo mafuta yenyewe. Altrasaundi ya pili ilionyesha mawe yake yapo vile vile.

Kurudi kula, na kuachana na ile chai

Chai yangu ya pakiti ilikuwa na sena. Sena ni dawa ya kuharisha, ina kazi yake kwa mtu aliyefunga choo siku mbili tatu. Ukiinywa kila siku kwa miezi, unapoteza maji na potasiamu, misuli inakaza usiku, moyo unaweza kwenda ovyo, na utumbo unazoea kusubiri kuchokozwa. Mafuta haiondoi. Kilo moja au mbili unazoziona asubuhi ni maji na kinyesi.

Nilipoiacha, choo kiligoma siku tano. Nilidhani nimeharibika. Nilishauriwa nivumilie na nisirudi nyuma: papai kila asubuhi, matembele au mchicha mchana na usiku, maji, na kutembea nusu saa jioni. Wiki ya tatu mambo yalianza kwenda yenyewe.

Kuhusu chakula, tahadhari moja kubwa kwanza. Mtu aliyekaa siku kumi au zaidi bila kula chochote cha maana asivunje hiyo njaa kwa sinia la pilau nyumbani. Chumvichumvi za damu zinaweza kushuka ghafla chakula kikirudi kwa wingi, miguu ikavimba, pumzi ikakata, moyo ukalemewa. Huyo arudishiwe chakula taratibu, chini ya macho ya wahudumu.

Mimi nilikuwa nakula kidogo lakini nilikuwa nakula, kwa hiyo nilianza nyumbani. Nilichoambiwa nikitazame kwanza ni protini. Ukipungua haraka, sehemu ya kilo zilizoondoka ni misuli, na misuli hairudi kwa wali mtupu. Kwa mwili wangu lengo lilikuwa gramu 70 hadi 85 kwa siku. Nilipiga hesabu kama ninavyopiga ya kitambaa. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Kiganja cha karanga kama 7. Dagaa wakavu wanazidi nyama kwa uzito ule ule, maana maji yameshatoka, na pesa ya dagaa kila mtu anaipata. Basi asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa na mayai mawili. Mchana ugali wa dona, maharage na matembele. Jioni dagaa wa nazi, au kibua, na ndizi au kiazi kitamu. Katikati karanga au mtindi. Nilijaza sahani kidogo kidogo, kila wiki naongeza kijiko cha upawa, kwa sababu tumbo lililosahau kazi linajaa haraka na kuuma.

Pamoja na chakula, misuli inataka kuambiwa kwamba inahitajika. Nilikuwa nasimama na kukaa kitini mara kumi bila kujishika, na kunyanyua dumu la maji la lita 5 kila mkono nikisubiri pasi ya mkaa ipate moto. Mwanzoni mkasi mkubwa ulikuwa unaniponyoka nikikata jinzi. Sasa nakata.

Damu yangu ilisoma 9.8, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuanzia 12. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu. Vitakufanya uende choo cheusi, usiogope. Chai usinywe pamoja navyo wala pamoja na chakula, subiri kama saa moja, kwa kuwa chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mboga za majani zikamulie limau, hapo chuma kinaingia vizuri. Baada ya miezi mitatu ilisoma 12.1.

Nywele, baridi na hedhi

Nywele zilianza kutoka Desemba, mafungu kwa mafungu, miezi mitatu tangu nianze njaa. Ndivyo zinavyofanya: mwili ukipata mshtuko, nywele nyingi zinaingia mapumziko kwa pamoja, zinaanguka baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo unaweza kuwa umesharudi kula na bado zinatoka. Mafuta ya bei mbaya hayataharakisha kitu. Chakula, damu na thairoidi vikikaa sawa, zinaota zenyewe ndani ya miezi sita hivi. Unachoweza kufanya ni kutozivuta. Mimi nilisuka twende kilioni nyepesi mara moja, nikaona zinabaki kwenye kitana, nikanyoa. Kichwa kifupi kikanipendeza kuliko nilivyotegemea.

Baridi: Januari ya Dar es Salaam, watu wanajipepea kwa makaratasi, mimi nimevaa sweta dukani. Mwili unapobana matumizi unapunguza na moto. Ilikwisha taratibu chakula kiliporudi, kama mwezi wa nne.

Hedhi yangu ilikata miezi mitatu. Pima ujauzito kwanza, usijisemee ni diet. Na kwa wale ambao unene ulikuwa umewavuruga mzunguko, kupungua kunaweza kurudisha yai bila taarifa. Mteja wangu mmoja alikuja nimpunguzie sketi, miezi minne baadaye akaja nimshonee dera. Kama hupo tayari, tafuta uzazi wa mpango mapema. Isiporudi kwa miezi mitatu na mimba hakuna, mwone daktari.

Waliowahi kuumwa gauti, ule ugonjwa wa maumivu makali ya viungo, nao wajiangalie. Njaa kali inapandisha asidi ya yuriki, na kidole gumba cha mguu kinaweza kuwaka moto usiku.

Ngozi iliyobaki: hapa mniachie mimi

Cream ya kurudisha ngozi ya tumbo mahali pake sijaiona, na wateja wangu wamezijaribu nyingi. Ngozi hujivuta kidogo kwa mwaka mmoja au miwili, kutegemea umri na kilo zilizoondoka, na misuli ikirudi inaijaza kiasi. Iliyobaki unaivalia nguo.

Tatizo la kweli kwenye joto letu ni mikunjo. Chini ya matiti, chini ya tumbo na mapajani jasho linakaa, ngozi inasuguana, unapata michubuko na fangasi zenye harufu. Oga, kisha kausha mkunjo kwa kitambaa cha pamba kwa kubonyeza, usisugue. Kukiwa na wekundu unaowasha na ukingo wenye magamba, nunua dawa ya fangasi kwa ushauri wa mfamasia na umalize siku zote.

Sidiria pima upya. Wanawake wengi wanapungua kilo 20 wanaendelea kuvaa ile ile, mkanda umepanda mgongoni, titi linalalia ngozi ya tumbo siku nzima. Zungusha futi kamba chini ya matiti, ibane kiasi cha kupitisha vidole viwili. Kwa sketi na suruali, mwambie fundi akuwekee mkanda mpana wa inchi tatu au nne unaoanzia juu ya kitovu, ndani atie bitana ya pamba. Lastiki nyembamba itakukata katikati ya ngozi na kuigawa mafungu mawili. Satini na kitambaa chochote cha plastiki kisiguse mkunjo moja kwa moja. Kwa mapaja, kaptula ya pamba chini ya gauni, ndefu kufika katikati ya paja, na mshono wa ndani uhamishwe mbele kidogo ili usikae pale panaposuguana. Fundi akikwambia haiwezekani, tafuta mwingine.

Mizani ikianza kupanda

Itapanda. Mimi nilipoanza kula kama mtu, niliongeza kilo nne ndani ya mwezi, nikataka kurudi kwenye kabichi. Afisa lishe akanisimulia habari ya vijana 36 wa Marekani waliojitolea kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945. Walipunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wakawa wanasikia baridi, wanapata kizunguzungu, nywele zinapungua, hasira karibu, na mawazo yote ni chakula. Wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Mimi usiku nilikuwa nalala nikitazama video za pilau linavyopakuliwa, nikajua wenzangu hao. Walipoanza kulishwa tena, njaa haikukoma kwa kushiba. Wengine ilichukua miezi.

Akanisimulia pia utafiti wa mwaka 2016, wa watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupungua haraka, huko huko Marekani. Miaka sita baadaye miili yao ilikuwa bado inaunguza kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Ni kama sahani ya wali maharage. Kumbe ile njaa yangu haikuwa ulafi, na ule uzito uliokuwa unarudi nikila kawaida haukuwa uchawi.

Alichonielekeza ni kusimama. Miezi sita hakuna kupungua, kazi ni kutengeneza. Mizani mara moja kwa wiki, siku moja, saa moja. Nikapanda mpaka 80, nikakaa hapo. Baada ya hapo ndipo nikaanza tena, nusu kilo kwa wiki na wiki nyingine hamna kitu, nikila, nikitembea, nikinyanyua madumu yangu. Leo nina 77. Wifi ana 82 na hataki kusikia neno diet.

Gauni la satini nimelifumua mara mbili, inchi moja na nusu kila upande, kitambaa cha akiba kimekwisha. Na siku hizi mteja akiniletea nguo nimpunguzie, kabla sijamzungushia futi kamba namuuliza amepungua kwa wiki ngapi. Akisema sita, saba, nampigia bandi tu kwa uzi mrefu, mkasi siugusi, namwandikia arudi baada ya miezi mitatu. Wengine wananuna. Akiwa amekaa amekunja nne, namwomba na mguu aushushe.